Milio Thelathini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anifa aliosha vikombe vya plastiki, akavipanga ndani ya beseni, kisha akamsaidia mama yake mdogo, Fatu, kujitwika ndoo ya uji. Walitoka pamoja nyumbani kwao Kibirizi, wakashuka njia ya mchanga mpaka mwaloni, mahali ambapo boti za ziwani huleta watu na mizigo. Hapo Fatu alikuwa na meza yake na mabenchi mawili. Anifa alimwachia beseni la vikombe, akakung'uta mchanga miguuni, akavaa viatu na kupanda kwenda shule.

Fatu alikuwa mdogo wa mwisho wa mama yake Anifa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mrefu, mwenye sauti iliyosikika kutoka boti moja hadi nyingine. Mama yake Anifa alikuwa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi upande wa kaskazini, akikausha dagaa, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo Fatu ndiye aliyempikia Anifa, aliyemsuka nywele, na aliyekwenda shuleni mzazi alipoitwa.

Mwaka huo wa 2015 uji wa Fatu ulikuwa ukiisha mapema. Nchini Burundi kulikuwa na vurugu, na watu walikimbia kwa maelfu. Boti zilifika mwaloni zikiwa zimejaa hadi pomoni. Watu walishuka na magodoro, masufuria, cherehani, kuku waliofungwa miguu, na watoto wengi. Wahudumu wa misaada waliwasubiri ufukweni na ndoo za maji yenye dawa, kwa sababu ugonjwa wa kuhara na kutapika ulikuwa umezuka. Wenyeji wengine waliogopa kuwasogelea wageni hao. Fatu hakuogopa. Alipoona boti inakaribia, alikunja khanga yake, akaingia majini hadi kiunoni na kuwapokea watoto mmoja mmoja. Sehemu kubwa ya uji wake iliishia matumboni mwao.

Anifa alikuwa darasa la sita. Mwalimu wake, Mwalimu Dismasi, alikuwa ameanzisha klabu ya afya. Wahudumu wa misaada walimpa mdoli wa mazoezi, kiwiliwili cha mpira chenye kichwa na kifua, ili awafundishe wanafunzi namna ya kumsaidia mtu ambaye moyo wake umesimama. Pamoja na mdoli walimpa kidude cha plastiki, kidogo kama kipande cha sabuni. Kidude kiliwekwa katikati ya kifua cha mdoli, chini ya viganja vya anayekandamiza. Kifua kikishuka vya kutosha, yaani sentimita tano au kupita kidogo, kidude kililia "tik" na taa ndogo ya kijani ikawaka. Kisiposhuka vya kutosha, kidude kilikaa kimya.

Mwalimu Dismasi aliwaeleza kwamba hata watu wazima, mara ya kwanza, hukandamiza kidogo mno kwa kuogopa kuumiza. Kazi ya kidude ni kumwambia mtu bila kumficha kwamba bado, ongeza nguvu. Wanafunzi walikipa jina la Jaji.

Utaratibu wa klabu ulikuwa mmoja. Mwanafunzi aliyemfanya Jaji alie mara thelathini mfululizo alipewa utepe wa kijani wa kubandika begani. Wenye utepe ndio waliokwenda mwaloni kila Jumamosi pamoja na mwalimu kugawa maji safi.

Anifa alikuwa mdogo wa umbo kuliko wote darasani. Ijumaa ya kwanza alikandamiza mpaka jasho likamtiririka usoni, na Jaji akalia mara nne tu. Ijumaa ya pili akalia mara saba. Klementina, aliyekaa naye dawati moja, alipata thelathini bila kuhema, na wenzake wakampigia makofi. Mmoja akasema Anifa angepewa mdoli wa mtoto mchanga. Darasa zima likacheka. Anifa naye akacheka, kisha akarudi kukaa akiwa ameinamisha uso.

Siku chache baadaye alibaki darasani kufuta ubao. Jaji alikuwa juu ya meza ya mwalimu. Anifa alikichukua kile kidude akakigeuzageuza mkononi, na kidole gumba chake kikabana ukingo wake kwa bahati. Tik. Akabana tena. Tik. Hakuhitaji nguvu, wala hakuhitaji kifua cha mtu. Kifundo cha kidole gumba kilitosha kabisa.

Ijumaa iliyofuata alipiga magoti mbele ya mdoli, akafunika kidude kwa viganja vyake viwili, akaanza kuinama na kuinuka kama anayekandamiza kwa nguvu zote. Kifua cha mdoli hakikushuka hata robo ya kiasi kilichotakiwa. Lakini kidole gumba kilikuwa kazini, na Jaji alilia mara thelathini bila kukosa hata mara moja. Mwalimu Dismasi alikuwa ameinamia daftari lake akihesabu milio. Alipofika thelathini alimsifu, akasema ameona mwenyewe kwamba bidii inazaa matunda. Akambandika utepe begani.

Fatu aliuona utepe ule jioni, akaenda nyumba tatu za jirani kuutangaza.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia ndani ya Anifa. Mwalimu akimwita jina, alidhani amegunduliwa. Akisikia kitu chochote kinalia tik, hata kifuniko cha kalamu, alishtuka. Alijiambia kwamba hakuna aliyeumia, na kwamba wahudumu wazima walikuwa tele mwaloni, kwa hiyo hakuna ambaye angemhitaji yeye kwa kazi ile.

Jumamosi ya pili baada ya hapo, upepo ulivuma tangu alfajiri na ziwa lilikuwa limechafuka. Anifa alikuwa ufukweni na Klementina na mwenzao mwingine wakijaza vikombe. Yapata saa nne boti kubwa ya mbao ilitokea, imelemewa na watu upande mmoja. Mwalimu Dismasi aliona kwamba wazee na wagonjwa wangekuwa wengi, akapanda bodaboda kwenda barabara kuu kuliita gari la wagonjwa. Wahudumu wa misaada walikuwa mbali, mwisho wa mwalo, wakishughulikia boti iliyotangulia.

Fatu aliingia majini kama kawaida yake, na wachukuzi wakaingia pamoja naye. Alipokea mtoto wa kwanza, akampitisha kwa mchukuzi aliyeitwa Pastory. Akampokea wa pili. Ndipo wimbi likaiinua boti na kuishusha kwa kishindo. Watu waliokuwa wamesimama ukingoni walianguka majini, wakubwa kwa watoto. Mwaloni kukawa na mayowe. Kila mtu aliyeweza kuogelea alijitupa kuokoa watoto.

Watoto wote walitolewa. Wazee wawili nao wakatolewa. Watu walianza kushukuru Mungu na kuhesabiana, na Anifa naye alikuwa akitafuta kwa macho khanga ya njano ya Fatu. Hakuiona. Aliangalia kwenye meza ya uji, hakuiona. Aliangalia upande wa pili wa boti. Akamshika mkono Mzee Gharib, msimamizi wa mwalo, akamwuliza mama mdogo yuko wapi.

Mzee Gharib alitazama huku na huku, kisha akawaita wachukuzi kwa sauti iliyopasuka. Pastory alipiga mbizi mara mbili. Mara ya tatu aliibuka na Fatu mikononi. Ubao wa boti ulikuwa umempiga kichwani akazama chini yake, na katika vurugu ile hakuna aliyemwona.

Walimlaza mchangani. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na povu lilikuwa puani. Hakuwa akipumua.

Wanaume wawili walitaka kumshika miguu wamning'inize kichwa chini ili maji yatoke. Mwingine alisema apigwe mgongoni. Mzee Gharib aliwazuia, akasema amewahi kusikia kwamba kifua ndicho kinachokandamizwa. Lakini yeye na wachukuzi walisita. Fatu alikuwa msichana, nguo zimemgandama mwilini, na hakuna mwanamume aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka mikono yake kifuani pake mbele ya umati. Mwanamke mmoja alimfunika kwa kitenge kikavu. Kisha mwingine akauona utepe wa kijani begani mwa Anifa.

"Huyu amesomea," alisema. "Mpisheni huyu mtoto."

Mikono mingi ilimsukuma Anifa mbele. Alipiga magoti kando ya Fatu. Aliweka viganja vyake katikati ya kifua kama alivyoona wengine wakifanya. Kilikuwa kifua baridi, chenye maji. Kilikuwa kifua ambacho yeye mwenyewe alikilalia usiku wa radi.

Alianza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Aliinama na kuinuka. Watu walinyamaza wakimtazama, na wengine walianza kupata matumaini, kwa kuwa waliona kazi inafanyika. Anifa peke yake ndiye aliyejua kwamba haifanyiki. Viganja vyake viligusa tu na kurudi. Alipojaribu kuongeza nguvu aliona kama atamvunja Fatu, akalegeza. Aligundua kwamba hata sasa, bila kukusudia, kidole gumba chake kilikuwa kikijikunja kutafuta ukingo wa kidude. Hapakuwa na ukingo. Hakuna kilicholia. Kumi na nne, kumi na tano. Alihisi kwamba akiendelea kuhesabu mtu mzima fulani atatokea kumwondoa pale, na akiacha kuhesabu kila mtu atajua.

Mwanamke aliyekuwa ameshuka kwenye boti alipenya katikati ya watu. Alikuwa wa makamo, nguo zake zinachuruzika maji, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa shingoni kwa kipande cha shuka. Baadaye walikuja kujua kwamba aliitwa Godeliva, alikuwa muuguzi kwao Burundi, na mkono ule ulivunjika alipokuwa akikimbia. Alipiga magoti kichwani kwa Fatu, akamfungua mdomo, akauinua uso wake kwa mkono mmoja, akampulizia pumzi mara kadhaa. Watu waliguna, kwa sababu walikuwa wameambiwa wasiguse mate ya mtu, kwa ajili ya ule ugonjwa wa kuhara. Yeye hakuwajali. Kisha aliweka vidole viwili pembeni mwa koo la Fatu, akamwambia Anifa aendelee.

Anifa aliendelea. Godeliva alitikisa kichwa.

"Hapa sisikii kitu," alisema. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya ng'ambo. "Mikono yako haisukumi damu. Weye, umefundishwa kweli?"

Nyuso zote zilikuwa zimemwinamia. Mzee Gharib alikuwa pale. Klementina na yule mwenzao nao walikuwa pale, wameganda kwa hofu, vikombe mikononi. Anifa alifungua mdomo, na kwa muda mfupi alikuwa tayari kusema ndiyo.

"Sijui," alisema. "Nilimdanganya mwalimu. Mdoli sikuwahi kumshusha kifua."

Alisubiri kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Godeliva alimtazama mara moja tu, kama mtu aliyepewa taarifa aliyokuwa akiihitaji.

"Vizuri," alisema. "Sasa najua. Sogea karibu. Magoti yaguse ubavu wake. Nyoosha viwiko. Usisukume kwa mikono, mwana wanje, mtoto wangu, angusha kifua chako chote juu ya mikono. Mie nitakwambia inapofika."

Anifa alisogea. Alinyoosha viwiko, akaegemea.

"Bado," alisema Godeliva, vidole vyake vikiwa kooni kwa Fatu. "Bado. Zaidi."

Anifa aliinua makalio yake, akaacha uzito wote ushuke.

"Hapo. Hiyo nimeisikia. Rudi juu kabisa, halafu hiyohiyo tena."

Alimwagiza Mzee Gharib achukue dumu tupu na kulipiga kwa kiganja ili Anifa afuate mwendo wake. Mzee alianza polepole, Godeliva akamwambia aongeze kasi, kisha akamwambia hapo panatosha. Dumu lililia du, du, du, karibu mara mbili kila sekunde, na Anifa alishuka na kupanda nalo. Kila alipolegea, Godeliva alisema imepungua. Kila aliporudia kiasi chake, alisema imefika. Ikifika thelathini alimwambia asimame, akapuliza pumzi mbili, kisha dumu likaanza tena.

Katika duru ya tatu kitu kililia chini ya viganja vya Anifa, sauti kavu kama ya kijiti. Aliinua mikono akairudisha kifuani pake mwenyewe. Akasema amemvunja.

"Ni ubavu," alisema Godeliva. "Ubavu unaunga. Moyo ukikaa hivi hauungi. Komera, mwanangu, jikaze. Rudisha mikono."

Hiyo ndiyo ilikuwa dakika ngumu kuliko zote. Anifa aliirudisha mikono yake mahali palepale palipolia, akakandamiza kwa nguvu ileile, machozi yakimwanguka juu ya kitenge. Hakuhesabu tena. Alisikiliza dumu na sauti ya yule mwanamke, basi.

Mwishoni mwa duru ya tano nguvu zilianza kumwishia. Godeliva alisikia kwenye vidole vyake kabla Anifa hajasema. Akauliza ni nani mwenye nguvu. Pastory, ambaye alikuwa bado anahema kwa kupiga mbizi, alisita na kutazama chini. Mzee Gharib alimwambia kwamba aibu ya leo yeye ataibeba. Pastory akapiga magoti upande wa pili.

Alikuwa na nguvu za kubeba magunia, lakini alikandamiza mbiombio na kulalia kifua bila kukiachia. Godeliva alikuwa akimfuta Fatu povu mdomoni wakati huo, kwa hiyo Anifa ndiye aliyemwambia arudi juu kabisa kila mara, na afuate dumu. Pastory akatii bila kubisha.

Haikupita hata dakika moja. Tumbo la Fatu lilijikunja, maji yakamtoka mdomoni, na Godeliva akawafanya wamgeuze ubavu haraka. Alitapika tena. Kisha akakohoa, kikohozi kibaya, chenye kukwaruza, na baada yake ikaja pumzi. Watu walisubiri. Ikaja nyingine.

Gari la wagonjwa lilipofika na Mwalimu Dismasi, Fatu alikuwa amefumbua macho lakini hamtambui mtu. Walimpakia pamoja na Godeliva. Anifa aliachwa amekaa mchangani. Klementina alikuja akakaa kando yake. Hakusema chochote kuhusu utepe. Alimpa maji, akamshikia kikombe mpaka akayamaliza.

Siku mbili zilizofuata alizipitisha kwa hofu. Mama yake alirudi kutoka Mwamgongo na kulala hospitalini. Habari zilizokuja zilikuwa nusu nusu: Fatu ana homa, mapafu yake yana maji, mbavu mbili zimevunjika, bado hajazungumza. Usiku Anifa alihesabu muda aliopoteza kwa kugusagusa. Ilikuwa labda dakika moja, labda zaidi. Hakujua dakika moja ni kubwa kiasi gani ndani ya kichwa cha mtu asiyepumua.

Jumatatu alikwenda kwa Mwalimu Dismasi kabla ya kengele. Alibandua utepe begani, akauweka mezani na kueleza kila kitu, hata namna ya kubana ukingo. Mwalimu alichukua kidude, akakijaribu kwa kidole gumba. Tik. Akakirudisha mezani.

Alimwambia kwamba amekosa, na kwamba angepaswa kuona haya. Halafu akasema kosa si la mtoto peke yake. Yeye, mtu mzima, alikuwa ameinamia daftari akihesabu milio, hakuinua macho kutazama kifua. Tangu siku hiyo alibadilisha utaratibu. Mwanafunzi mmoja alikandamiza, mwenzake alilala kifudifudi akitazama kama kifua kinashuka na kurudi, na kusema alichokiona. Pia alisimamisha desturi ya kucheka wanaoshindwa. Alisema ni kicheko hicho kilichomfundisha Anifa kudanganya, na yeye alikuwa amekisikia akakinyamazia.

Jumanne ilikuja habari kwamba Fatu amezungumza, na ameomba chai.

Jioni hiyo Anifa alipita kwanza kwenye uwanja wa mpira mjini, ambako wakimbizi walikuwa wakisubiri mabasi ya kwenda kambini. Alimkuta Godeliva ameketi juu ya mkeka, mkono wake sasa una plasta nyeupe. Alimpigia magoti kidogo na kumwamkia, "Shikamoo, Mama." Alimshukuru, kisha akamwuliza jambo lililokuwa likimsumbua: kwa nini siku ile hakumfukuza alipokiri kwamba hajui.

Godeliva alicheka kidogo. Akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiogopa, kwa maana ana ujuzi wa miaka ishirini na mkono mmoja usiofaa kitu.

"Nilihitaji mikono ya mtu," alisema. "Mtu asiyejua naweza kumwelekeza, hata kama ni mtoto. Anayejifanya anajua siwezi kumsaidia, kwa sababu sijui pa kuanzia. Uliposema kweli, ndipo nilipopata mikono."

Basi liliitwa, akainuka na bahasha yake ya karatasi za hospitali. Hawakuonana tena.

Hospitalini, Fatu alikuwa ameegemea mito, uso umekonda, sauti imekwaruzika. Wageni wanne walikuwa wamezunguka kitanda, na mara tu Anifa alipoingia Fatu alimnyooshea kidole. Akawaambia huyo ndiye, mtoto aliyefundishwa shuleni, aliyemrudisha duniani. Wageni walimpongeza, mmoja akambusu kwenye paji la uso. Anifa alisimama ameshika nguzo ya kitanda. Ilikuwa rahisi sana kuendelea kusimama hivyo. Mama mdogo hakukumbuka lolote, na hakuna aliyekuwa amemweleza.

Wageni walipotoka, alibaki yeye, mama yake na Fatu. Aliiachia nguzo ya kitanda. Alisema ana jambo la kumwambia, na akalisema lote: kidole gumba, milio thelathini, na ile dakika ya kwanza alipokuwa akihesabu huku akijua hamfanyii kitu.

Mama yake aliinuka kwenye kiti kwa hasira. Fatu alimwinulia mkono akimwomba akae. Alitazama dirishani, na kila alipovuta pumzi uso wake ulijikunja kwa maumivu ya mbavu.

"Kwa hiyo ungeweza kuniua kwa kuogopa kuchekwa," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na uliponiona nakufa, ukakubali kuchekwa na mwalo mzima ili nipone."

Anifa alikuwa analia.

"Yote mawili umeyafanya wewe," Fatu alisema. "Sitaki ulisahau lile la kwanza kwa sababu la pili lilikuja na watu wanakusifu. Na sitaki la kwanza likukalie moyoni mpaka uone la pili si kitu. Ukishindwa jambo, sema umeshindwa siku hiyohiyo, likiwa bado dogo, ufundishwe. Ukilificha halitulii, linasubiri siku mbaya." Alitafuta pumzi. "Watu wa kukuelekeza wapo kila mahali. Umemwona yule mama, alitoka majini na mkono uliovunjika, akakuelekeza. Lakini wa kusema kwamba hujui ni wewe peke yako."

Kisha alimwambia mama yake Anifa amkatie mtoto chungwa, kwa sababu tangu Jumamosi, ukimtazama usoni, ni wazi hajala. Anifa alikaa ukingoni mwa kitanda, akala lile chungwa lote, huku akisikiliza jinsi mama mdogo wake anavyopumua.